Jinsi ya kuainisha lugha ya kale na kuipa jina: tunapita hatua kwa hatua na Kiveneti, jirani wa Kilatini

Watu wengi wakisikia Italia ya kale wanawaza Kilatini peke yake, kumbe kabla Roma haijaimeza rasi nzima kulikuwa na lugha kibao zinaongewa pale: Kiosko, Kiumbria, Kifaliska, Kietruski, Kimesapi, na kule kaskazini mashariki, kuanzia Este na Padova kupanda hadi milima ya Cadore, kulikuwa na Kiveneti. Kiveneti kimefanana na Kilatini kiasi cha kukushtua, ila kina vitu vyake ambavyo havipo kwenye Kilatini wala kwa ndugu zake, na ndo maana wataalamu wamebishana zaidi ya miaka 100 kiwekwe wapi. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kujua kazi hii inafanywaje kiukweli, awe mwanafunzi wa isimu, mtu anayeandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, au mtu tu anayependa lugha zilizokufa na amechoka kusoma madai ya ajabu ajabu mtandaoni.

Naomba ulishike hili moja tangu mwanzo: lugha haiainishwi kwa maneno yanayofanana, inaainishwa kwa mabadiliko ambayo lugha mbili zimeyapitia pamoja, na jina utakaloipa lisiahidi kitu ambacho ushahidi haujakitoa. Mengine yote hapa chini yanatoka humo.

Hatua ya 1: Jua una nini mkononi

Kabla hujasema chochote kuhusu ukoo wa lugha, orodhesha ushahidi wote uliopo. Kwa Kiveneti tuna maandishi zaidi ya 300, karibu yote mafupi, ya kuanzia karne ya 6 KK hadi karne ya 1 KK. Mengi yametoka Este, kwenye eneo takatifu la mungu wa kike anayeitwa Reitia pale Baratela, mengine Padova, Vicenza, Oderzo, Làgole di Calalzo kule Cadore, na machache yamevuka milima hadi Gurina ambayo leo ni Austria, na bonde la Isonzo upande wa Slovenia. Yameandikwa kwenye mawe ya makaburi, vyombo, vijiko vikubwa vya bronzi, kalamu za bronzi za kuandikia kwenye nta, na vibao vya bronzi.

Fungua jedwali kwenye kompyuta, hata Excel inatosha, kila andiko mstari wake. Safu ninazoziona za lazima ni hizi: alama ya andiko (wataalamu wanatumia Es kwa Este, Pa kwa Padova na kadhalika, tumia hizo hizo usitunge zako), mahali lilipopatikana, umri, aina ya kitu, mwelekeo wa mwandiko, herufi kama zilivyo, usomaji uliosafishwa, tafsiri, na safu ya mwisho ambayo watu huiruka nayo ndo muhimu kuliko zote, kiwango cha uhakika. Neno ambalo nusu yake imevunjika na neno lililosimama zima lisikae na uzito sawa kwenye jedwali lako, maana baada ya muda utasahau lipi lilikuwa lipi, utalitumia lile bovu kama ushahidi na hoja nzima itaanguka.

Jambo jingine la kuangalia mapema ni aina ya maandishi. Kiveneti kilichobaki karibu chote ni cha wakfu na makaburi, yaani fulani alitoa hiki kwa mungu fulani, fulani amelala hapa. Hatuna barua, hatuna hadithi. Maana yake kuna sehemu nzima za sarufi hatuzioni kabisa, na hili litakuja kutubana kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 2: Soma herufi sawasawa kabla ya kulinganisha neno lolote

Hapa ndo wengi wanapoteleza. Waveneti walichukua alfabeti kutoka kwa Waetruski, na Kietruski hakikuwa na sauti ghuna kama b, d, g, kwa hiyo Waveneti walipotaka kuziandika ikabidi wazipe kazi nyingine herufi ambazo walikuwa hawazihitaji. Herufi ya fi ikawa b, herufi ya khi ikawa g, na pale Este herufi ya zeta ikawa d (majina haya matatu ni ya herufi za Kigiriki, ambako alfabeti ya Waetruski ilitoka). Ukikutana na kitabu cha zamani kimeandika zoto na cha leo kimeandika doto usidhani ni maneno mawili, ni neno lile lile, maana yake "alitoa", na tofauti ni mwandishi kaamua kuonyesha herufi au sauti. Sauti f nayo iliandikwa kwa herufi mbili, v na h, ndo maana utaona vhagsto na vhraterei, zisome kwa f.

Halafu kuna nukta. Waveneti hawakuacha nafasi kati ya maneno, waliandika mfululizo, ila walikuwa na mtindo wa kuweka nukta ambao ni zawadi kubwa kwetu: silabi ya konsonanti moja na vokali moja haina shida, haiwekewi kitu, lakini herufi yoyote iliyobaki nje ya mpango huo, kama vokali inayoanza neno au konsonanti inayofunga silabi, inazungushiwa nukta. Kwa hiyo ego, "mimi", inaandikwa .e.go, na donasto inaandikwa dona.s.to, na Reitiai inakuwa re.i.tia.i. Ukiuelewa mtindo huu unaona silabi zao walivyozisikia wenyewe. Pale Este kwenye eneo la Reitia vimepatikana vibao vya bronzi vyenye mazoezi ya alfabeti, herufi a, k, e, o zimerudiwarudiwa, vikiwa vimetolewa kwa Reitia pamoja na kalamu, yaani kuandika kwenyewe kulikuwa sehemu ya ibada. Mimi hiki ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote katika habari za Waveneti, watu walimpelekea mungu wao zana za shule.

Kwa nini nasisitiza nukta? Kuanzia miaka ya 1980 wametokea waandishi wanaodai Kiveneti ni Kislavoni (ukoo wa Kirusi, Kipolandi na Kislovenia), na njia yao ilikuwa kuyakata upya maandishi haya, wanavunja maneno wanapotaka na kusoma ndani yake maneno ya lugha za leo. Kwa mwandiko usio na nafasi kati ya maneno mtu akipewa ruhusa ya kukata popote atapata lugha yoyote anayoitaka. Kanuni yako iwe: mkato wa neno unakubalika kama unajirudia kwenye maandishi mengine yenye muundo ule ule, kama haujirudii uandike lakini usijengee hoja.

Hatua ya 3: Tafuta fomula zinazojirudia, ndo mlango wako wa sarufi

Tuchukue andiko maarufu kutoka Este:

*mego donasto śainatei reitiai porai egeotora aimoi ke louderobos*

Kitu chenyewe ndo kinaongea: "Egeotora alinitoa kwa Reitia … kwa ajili ya Aimo na watoto." Unajuaje? Kwa kulinganisha maandishi mengi ya aina hii. Mego inarudi tena na tena mwanzoni, donasto au doto inarudi, jina la mungu lina mwisho wa -ai au -ei maana ndiye anayepewa, jina la mtoaji limesimama bila mwisho huo. Andiko jingine, la kwenye chombo cha bronzi kutoka bonde la Cadore, linasema *eik goltanos doto louderai kanei*, Goltanos alitoa hiki kwa Kanei ambaye ni loudera (neno hili tutalirudia hatua ya 4), na pale -os ya mtoaji inasimama wazi kabisa, sawa na -os ya Kilatini cha zamani kabla haijawa -us.

Sasa angalia śainatei na porai nilivyoziruka kwenye tafsiri. Wapo wanaotafsiri śainatei kuwa "mponyaji" kwa sababu Kilatini kina sanare, kuponya. Inavutia, lakini cheo hicho hicho kinatumika Làgole kwa mungu mwingine kabisa, Trumusiate, na maana yake bado inabishaniwa, hivyo kwenye jedwali neno hilo liandikwe "cheo cha mungu" na liishie hapo. Ukishaanza kutafsiri neno kwa sababu linafanana na Kilatini halafu ukalitumia neno hilo hilo kuthibitisha kwamba lugha inafanana na Kilatini, umezunguka duara.

Hatua ya 4: Linganisha sauti kwa mpangilio, usilinganishe sura za maneno

Chukua maneno ambayo maana yake una uhakika nayo, uyaweke mbele ya ndugu wanaojulikana. Nyota mbele ya neno ina maana umbo limejengwa na wataalamu, halijaandikwa popote.

Neno la "ndugu wa kiume" lilikuwa na *bh mwanzoni katika lugha chanzo ya Kihindi-Kiulaya, yaani babu wa lugha nyingi za Ulaya na India. Kisanskriti kimelitunza, bhrata, Kigothi, lugha ya kale ya ukoo wa Kigermaniki (ukoo wa Kijerumani na Kiingereza), kina broþar, Kilatini frater. Kiveneti: vhraterei, "kwa ndugu", yaani f. Kitenzi cha "kuweka, kufanya" kilikuwa na *dh, Kigiriki kina tithemi, Kilatini kina facio na feci, Kiveneti kina vhagsto, "alifanya", tena f. Kwa hiyo Kiveneti kimezigeuza *bh na *dh za mwanzo wa neno zote mbili kuwa f, kama Kilatini na Kiosko na Kiumbria. Hili ni zito, maana kugeuza *dh kuwa f siyo kitu ambacho lugha hufanya kila siku, na Kikelti, Kigermaniki na Kislavoni hawakukifanya.

Katikati ya neno mambo yanabadilika kidogo na hapa pana utamu. Kwa Kiosko na Kiumbria f inaendelea hadi katikati, Kiumbria kinasema tefe pale Kilatini kinaposema tibi, "kwako", na Kiosko kina mefiai pale Kilatini kina mediae. Kiveneti kiko upande wa Kilatini, kinatoa d na b katikati: louderobos, "kwa watoto", ambayo shina lake linatoka kwenye *leudh-, lile lile lililotoa Kigiriki eleutheros, "huru", na Kilatini liber. Kifaliska, ndugu wa karibu kabisa wa Kilatini, kina loferta kwa mwanamke aliyeachwa huru, kwa hiyo hata ndani ya kundi la Kilatini f ya katikati ipo, usije ukafanya mstari wa d na f kuwa ukuta.

Na louder- inakupa kitu cha pili zaidi ya sauti. Katika Kilatini liberi, "walio huru", ndo neno la watoto wa nyumba kuwatofautisha na watumwa. Kiveneti nacho kinaita watoto "walio huru". Kufanana kwa sauti kunaweza kuwa urithi, lakini kuhamisha maana kwa njia ile ile namna hiyo kunaonyesha watu walioishi na fikra moja, ama kwa ukoo ama kwa ujirani.

Hatua ya 5: Tenga urithi na mabadiliko mapya

Hii ndo hatua yenyewe, zilizobaki ni maandalizi. Ukikuta kitu kiko sawa kwenye lugha mbili jiulize: je wamekirithi wote kutoka kwa babu wa mbali sana, au wamekianzisha pamoja? Cha kurithi hakithibitishi ukaribu, maana ndugu yeyote wa ukoo mpana anaweza kubaki nacho.

Chukua -bos ya louderobos. Kilatini kina -bus, wanafanana sana, mtu anaruka kwa furaha. Tulia kwanza. Kikelti cha Galia (Ufaransa ya leo) kina -bo na Kisanskriti kina -bhyas, kwa hiyo -bos ni urithi wa zamani, haisemi Kiveneti ni cha Kiitaliki, yaani ukoo wa Kilatini, Kifaliska, Kiosko na Kiumbria. Ila inasema kitu kingine kwa kukataa: Kigermaniki na Kislavoni wana m mahali hapo, siyo b, na hilo peke yake ni mzigo mkubwa kwa wale wanaotaka Kiveneti kiwe Kislavoni.

Wanaoongea Kiswahili tunayajua haya kwa lugha yetu wenyewe, maana tumechukua maneno mengi kutoka Kiarabu na bado hakuna mtaalamu anayekiweka Kiswahili upande wa Kiarabu, ngeli na viambishi vya kitenzi vinakiweka wazi kwenye Kibantu, pamoja na Kipokomo, Kimijikenda na Kikomori. Kwa Kiveneti ni hivyo hivyo, kwenye maandishi yao mna majina ya watu ya Kikelti, kwa sababu Wakelti walikuwa majirani na walioleana, na majina ya watu hayaainishi lugha.

Sasa mizani. Upande wa Kiitaliki tunaweka f ya mwanzo kutoka *bh na *dh, louder- kwa maana ya watoto, na shina la "kufanya" lenye k ndani yake kama facio (hili liwe na uzito wa kati, maana Kigiriki nacho kina etheke, "aliweka", chenye k). Upande wa kupinga tunaweka mego. Kilatini kwa "mimi" mtendwa kina me, hakina g. Kigothi kina mik, chenye konsonanti hiyo, na Kiveneti kina jambo jingine linalogonga kengele, sselboisselboi, "kwa yeye mwenyewe", ambalo linafanana mno na selb selbo ya Kijerumani cha kale. Mwanaisimu Hans Krahe aliyabeba haya mwaka 1950 alipotetea kwamba Kiveneti ni tawi linalojitegemea lenye mahusiano na Kigermaniki.

Maoni yangu kuhusu mego: inatisha kuliko inavyostahili. Ukiwa na ego kwa "mimi" mtendaji, ni rahisi sana wasemaji kuivuta g hiyo waipachike kwa mtendwa, na lugha mbili zinaweza kufanya hivyo kila moja kivyake bila kujuana. Kihiti, ambacho kiko mbali kabisa kule Anatolia, nacho kina ammuk yenye k. Sselboisselboi ni ngumu zaidi kuielezea, hiyo naipa uzito wake.

Na kuna vitenzi. Donasto, vhagsto, doto, vyote vimeishia na -to kwa wakati uliopita, nafsi ya tatu. Kilatini na Kiosko na Kiumbria hawajengi wakati uliopita namna hiyo. Lakini kumbuka swali letu, hiki ni kipya au ni cha kale? Inaonekana ni cha kale, maumbo ambayo Kiveneti kimeyatunza wakati wenzake wameyaacha, na kutunza cha kale hakukutoi kwenye ukoo, kunaonyesha tu kwamba uliachana na wenzako mapema.

Hatua ya 6: Wasikilize mashahidi wa zamani, lakini wahoji

Waandishi wa kale wana thamani ila hawakuwa wanaisimu. Herodoto, karne ya 5 KK, anawataja Eneti wa Iliria (magharibi ya Balkani), na maneno hayo machache yaliongoza watu kwa muda mrefu, Carl Pauli mwaka 1891 alipoyachapa maandishi ya Kiveneti alikiweka Kiveneti upande wa Kiiliria. Tatizo ni mawili: inawezekana kabisa Herodoto alikuwa anazungumzia kabila lingine la Balkani lenye jina kama hilo, na Kiiliria chenyewe hakijatuachia maandishi ya kulinganishia, tuna majina tu. Kuiweka lugha unayoijua nusu ndani ya lugha usiyoijua kabisa hakuna faida.

Polibio, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 2 KK, anasaidia zaidi. Anasema Waveneti hawatofautiani sana na Wakelti kwa mila na mavazi lakini wanatumia lugha nyingine. Huo ni ushahidi mzuri kwa sababu anatenganisha mavazi na lugha, na kwa sababu unakubaliana na maandishi. Livy, mwanahistoria wa Roma na mzaliwa wa Padova mwenyewe, anasimulia Waveneti walikuja na Antenor kutoka Troya, hiyo ni simulizi ya asili ya kujipa heshima, iheshimu kama simulizi lakini isiingie kwenye jedwali.

Hatua ya 7: Toa uamuzi wenye ngazi

Usijibu "ndiyo ni Kiitaliki" au "hapana". Andika nafasi zote zinazowezekana na ueleze kila moja inasimama juu ya nini. Kwa Kiveneti ziko tatu: kwamba ni tawi ndani ya Kiitaliki pamoja na kundi la Kilatini na kundi la Kiosko na Kiumbria (mwanaisimu M. S. Beeler alikitetea kuwa Kiitaliki mwaka 1949), kwamba ni dada wa Kiitaliki kizima, yaani waliachana hatua moja kabla, na kwamba ni tawi huru la Kihindi-Kiulaya lililokaa jirani na Kiitaliki likaambukizwa tabia zake.

Sasa hapa ndo ule upungufu wa hatua ya 1 unapotubana. Vitu vinavyokifanya Kiitaliki kiwe Kiitaliki kweli kweli viko kwenye mfumo wa vitenzi, kwa mfano Kilatini na Kiosko vyote vina umbo lao la pamoja la hali tegemezi kwa wakati uliopita usiokamilika, lile la aina ya esset la Kilatini, "angekuwa". Kwa Kiveneti hatuwezi kulipima hilo, kwa sababu mtu anayeandika "fulani alinitoa kwa Reitia" hahitaji umbo hilo. Kutoliona siyo kwamba halikuwepo. Kwa hiyo uamuzi wangu, na ndivyo wengi wa leo wanavyoegemea, ni kwamba kina uhusiano wa karibu na Kiitaliki, ama ndani yake ama mlangoni kwake, na sentensi hiyo hiyo ndo ya kuandika kwenye makala. Usiibane zaidi ya hapo ili ionekane imenyooka.

Njia hii hii itumie kwa wengine. Kilusitania, kule Ureno na magharibi ya Hispania, kina maandishi machache mno, na jiwe la Cabeço das Fráguas lina neno porcom, "nguruwe", sawa na Kilatini porcus. Hilo halikifanyi kuwa Kiitaliki, p ni urithi. Lakini linakitoa kwenye Kikelti cha kawaida, maana Kikelti kiliipoteza p hiyo, Kiayalandi cha kale kinasema orc. Neno moja limefunga mlango mmoja na halijafungua mwingine, na wapo hadi leo wanaobishana kuhusu Kilusitania kwa sababu hiyo.

Hatua ya 8: Jina

Jina la lugha ya kale unaweza kulitoa sehemu nne: kwa watu wenyewe, kwa majirani walivyowaita, kwa mahali maandishi yalipopatikana, au kwa ukoo unaodhani ni wake. Hii ya mwisho iepuke kabisa. Ukiiita lugha kwa jina la ukoo halafu utafiti ukabadilika, jina linabaki linadanganya vizazi. Kama Kiveneti kingebaki kinaitwa Kiiliria cha Italia tungekuwa tunasahihisha mpaka leo.

Jina la mahali ni salama zaidi lakini nalo lina mtego. Kuna lugha mbili zinaitwa Kipiceno cha Kusini na Kipiceno cha Kaskazini, kwa sababu zote zimepatikana pwani ile ile ya mashariki ya Italia. Ukisikia unadhani ni lahaja mbili za lugha moja. Cha Kusini ni ndugu wa Kiosko na Kiumbria bila wasiwasi, cha Kaskazini, kile cha jiwe la Novilara, hakuna aliyeweza kukihusisha nacho, na wapo hata wanaotilia shaka jiwe lenyewe. Jina limewafanya mapacha watu wasiojuana.

Kwa Kiveneti tuna bahati. Warumi waliwaita Veneti, Wagiriki Enetoi, na kwenye jiwe la Isola Vicentina limo neno venetkens kwa maandishi yao wenyewe. Jina la watu, linathibitishwa na pande tatu, halisemi lolote kuhusu ukoo. Lichukue. Tatizo lililobaki ni kwamba jina hilo limezagaa: kulikuwa na Veneti wengine kwenye pwani ya Galia waliopigana na Kaisari baharini mwaka 56 KK, na mwandishi wa Roma Tacitus anawataja Veneti upande wa mashariki ya Wagermani. Majina kufanana hakuunganishi watu hawa, usiwahi kuandika ukoo wa lugha kwa kufuata jina la kabila.

Na kwa Kiswahili kuna kazi ya ziada. Ki- yetu inafaa sana lakini inakula tofauti. Lugha ya leo ya mji wa Venezia na mkoa wake ni mtoto wa Kilatini, siyo wa Kiveneti, kwa hiyo pendekezo langu ni Kiveneti kwa ile ya kale na Kivenezia kwa ya leo, na ukitaja mara ya kwanza andika "Kiveneti cha kale" ili msomaji asipotee. Ukoo uite Kiitaliki, usiandike Kiitaliano maana hiyo ni lugha ya leo.

Hatua ya 9: Herufi za utambulisho na ingizo lako

Kwenye mfumo wa ISO 639-3, ule wa kimataifa wa kuipa kila lugha herufi tatu, unaosimamiwa na shirika la SIL International, Kiveneti ni xve na Kivenezia ni vec. Ukiandika makala au kujaza data tumia herufi hizo, zinazuia mkanganyiko hata kama jina limeandikwa vibaya. Kiosko ni osc, Kiumbria xum, Kifaliska xfa, Kipiceno cha Kusini spx, Kilusitania xls. Lugha iliyojengwa na wataalamu tu, yenye nyota, haipewi herufi kwenye mfumo huo, lazima iwe imeandikwa mahali. Ukiona kuna kosa au lugha haijaingizwa unaweza kutuma maombi ya mabadiliko na yanajadiliwa kila mwaka, ila uende na jedwali lako la hatua ya 1 likiwa limekamilika.

Ingizo lenyewe liwe hivi, kwa lugha nyepesi:

*Kiveneti cha kale (xve). Lugha ya Kihindi-Kiulaya iliyoongewa kaskazini mashariki ya Italia na sehemu jirani za milima ya Alpi. Maandishi zaidi ya 300, karne ya 6 hadi ya 1 KK, kwa alfabeti iliyotokana na ya Kietruski, ya mwisho mwisho kwa herufi za Kilatini. Ina uhusiano wa karibu na Kiitaliki. Haijaamuliwa kama ni tawi la ndani au dada. Ushahidi mkuu: f ya mwanzo kutoka *bh na *dh, louder- kwa maana ya watoto. Ushahidi kinyume: mego, sselboisselboi. Haijapimika: sehemu kubwa ya mfumo wa vitenzi. Isichanganywe na Kivenezia (vec).*

Ule mstari wa "haijapimika" usiufute hata mhariri akikuambia unaifanya makala ionekane dhaifu. Waveneti walipata haki za Kilatini (hatua ya kati kabla ya uraia kamili) mwaka 89 KK na uraia wa Roma mwaka 49 KK, na baada ya hapo lugha yao ikafifia, kwa hiyo hakuna msemaji wa kumuuliza, kuna ardhi tu. Siku wachimbaji wakitoa pale Este au Padova andiko refu, mkataba au sheria, lenye sentensi za "kama angefanya" na "ili asifanye", nenda moja kwa moja kwenye mstari huo, angalia vitenzi vimejengwaje, halafu rudi hatua ya 5 upime upya.